Vifungo Sita kwenye Mkono wa Nyemo

Shangazi Persisi hakubisha hodi. Alisukuma mlango wa banda la mashine ya kusaga, akapita kati ya magunia ya uwele, akapandisha mkono wa gauni lake na kubandua kifungo chake mbele ya Nyemo.

"Kivae upesi," alisema. "Zimebaki dakika tatu kabla hakijaanza kulia."

Nyemo alizima mashine. Vumbi la unga lilikuwa limemtanda mpaka kwenye kope.

"Shangazi, mwezi uliopita nilikwambia ile ndiyo ilikuwa mara ya mwisho."

"Mwezi uliopita ulikuwa msiba. Hii ni sendofu ya Marita. Unataka nikae kwenye sendofu ya mjukuu wangu natafuna karanga za kuchemsha wakati wenzangu wanakula pilau?"

"Kula pilau kidogo. Anza na mboga za majani, nyingi, halafu maharage, halafu ndiyo pilau, na ukimaliza utembee nusu saa. Nimekueleza mara ngapi? Hata—"

"Nyemo, mwanangu. Dakika mbili."

Nyemo alivua sweta. Ndani ya joto la Kibaigwa, mwezi wa kumi, alikuwa anavaa sweta la mikono mirefu, na sababu yake ilikuwa imebanduliwa na kubandikwa pale pale mara nyingi mpaka ngozi imekuwa nyekundu. Upande wa ndani wa mkono wake wa kushoto, kutoka kwapani kushuka, palikuwa na vifungo vitano. Kimoja chake. Kimoja cha mdogo wake, Yoeli. Viwili vya binamu zake. Kimoja cha baba mdogo. Alitafuta mahali pa kuweka cha sita, akapata karibu na kiwiko, akakibonyeza mpaka kikashika.

Kifungo kilitulia. Shangazi naye akatulia.

"Una damu nzuri wewe," alisema, akimpapasa shavu. "Mungu amekupa damu nzuri." Kisha akaondoka kuwahi gari la Dodoma.

Nyemo alibaki amesimama, amekunja ngumi. Damu nzuri! Angekuwa na nguvu angemrushia debe.

Kifungo kilikuwa kidude cha duara, kikubwa kama kifungo cha shati tu, na ndiyo asili ya jina lake. Kilisoma sukari chini ya ngozi kila dakika na kuipeleka Idara ya Mstari. Kila mtu aliyefikisha miaka thelathini alikuwa na mstari wake wa sukari. Ukibaki kati ya nne na nane kwa siku tisini, ulipewa Daraja la Kwanza, na kwa daraja hilo ulipangiwa upasuaji, uliruhusiwa kuendesha gari la abiria, kupanda mnara, kushika silaha ya ulinzi. Ukipanda mno au ukishuka mno, kilipiga kelele mpaka watu wakusaidie, na ukizidisha ulipelekwa Darasa la Chakula, alasiri tatu kwa wiki, ukakae kwenye kiti cha plastiki ofisi ya kata ufundishwe dengu ni nini.

Waliokibuni walijua kwamba watu wangejaribu kuvalishana. Kwa hiyo walikifundisha kuitambua damu ya mwenyewe. Lakini damu ya mtu hubadilika akiugua malaria, akibeba mimba, akizeeka, na vifungo vya mwanzo vililia ovyo mpaka watu wakaanza kuvitupa chooni. Wahandisi wakalegeza kipimo, wakakilegeza kupita kiasi, na kifungo kikawa hakiwezi kumtofautisha mtu na ndugu yake wa damu. Idara ililijua jambo hilo, au haikulijua. Vyovyote vile haikusema. Haikukaa kulinganisha mistari pia, kwa sababu ilikuwa inatafuta waliopanda, haikuwa na haja na waliotulia.

Tangu hapo kila ukoo ukamtafuta mtu wake mmoja mwenye sukari iliyotulia. Kwa ukoo wa marehemu mzee Chiwanga, mtu huyo alikuwa Nyemo.

Miaka kumi na mmoja nyuma alikuwa na miaka thelathini na saba na sukari ya kumi na tisa. Mwaka huohuo mama yake alikatwa mguu, na Nyemo ndiye aliyekuwa anamfunga kidonda. Akaamua. Aliacha sembe, akaacha chapati na chai ya sukari. Alijifunza kula ugali wa uwele usiokobolewa, tonge la ukubwa wa ngumi yake, na mlenda, na choroko, na kunde, na njugu mawe. Alijifunza kwamba wali uliopikwa jana ukapoa haumrushi kama ule unaotoka jikoni, kwamba embe bichi si sawa na embe lililoiva, kwamba kula matembele kwanza na wanga baadaye kunabadilisha kila kitu. Alijipima, akaandika, akakosea, akaanza tena. Watu walipokuwa wanacheka harusini yeye alikuwa anazunguka ukumbi kwa miguu. Hakukuwa na damu nzuri yoyote. Ilikuwa kazi, kila siku, milo mitatu.

Naye aliwaambia. Aliwaita nyumbani, akawapikia, akawaandikia. Walikula, wakasifu, wakaenda zao, na wiki iliyofuata wakarudi na vifungo. Ukoo mzima ulitaka mstari wake. Hakuna aliyetaka sahani yake.

"Wa sita huyo?" aliuliza mumewe, Gwasa, akitokea nyuma ya mashine na mkanda mpya begani. Gwasa alikuwa fundi, mtu wa Kigoma, na kwa kuwa hakuwa na damu ya akina Chiwanga, alikuwa mtu pekee ambaye mkono wa Nyemo haukuweza kumsaidia kitu.

"Usianze, Baba Ezra."

"Sijaanza. Nasema tu kwamba katika ukoo wenu wote anayekula mlenda kwa haki ni mimi niliyeoa."

*

Mgeni aliyeitwa Sikudhani alikuja saa sita mchana, siku hiyohiyo ya Ijumaa. Alikuwa binti wa miaka ishirini na sita, mwembamba, mwenye mtoto anayenyonya mgongoni, na alifanya kazi na Yoeli kwenye minara ya upepo juu ya vilima vya Kongwa. Wawili wawili ndivyo walivyopanda, wamefungwa kamba moja. Miaka mitatu sasa mwenzake wa kamba alikuwa Yoeli.

Hakuwa na mtama wa kusaga. Alikaa juu ya gunia, akamshusha mtoto, akamnyonyesha kimya mpaka Nyemo akaona ni afadhali azime mashine.

"Mama Ezra, wewe ni dada yake wa tumbo moja," alisema. "Naomba uniambie kama mimi ni mwendawazimu."

"Kuna nini?"

"Juzi tulikuwa mnara wa kumi na saba, mita tisini. Nikamwona kaka Yoeli anatokwa na jasho kama amemwagiwa maji, na upepo ulikuwa baridi. Nikamwuliza, hajibu. Halafu akaanza kuongea maneno hayaeleweki. Akaniita kwa jina la marehemu mama yenu. Nikasema huyu sukari imeshuka, maana bibi yangu alikuwa hivyohivyo. Nikaangalia kifungo chake kwenye simu ya kazi. Sita nukta moja. Mstari umenyooka kabisa."

Nyemo alijikuta anavuta mkono wa sweta mpaka kwenye kiganja.

"Akaanza kufungua ndoano ya kamba," Sikudhani aliendelea.

"Ya kwake?"

"Ya kwangu."

Mashine ilikuwa imezimwa, lakini masikioni mwa Nyemo kulikuwa na mvumo.

"Nilimbana na mnara kwa bega. Nilikuwa na soda mfukoni, nikamnywesha kwa nguvu, nusu ikamwagika. Baadaye akarudiwa na akili, hakumbuki kitu. Tukashuka. Nikaandika taarifa, kama sheria inavyotaka." Alicheka, kicheko kisicho na furaha. "Wameangalia mstari wake. Wanasema mtu mwenye sita nukta moja hawezi kuanguka sukari, kwa hiyo mimi nimesema uongo, au nimeona vitu visivyokuwepo. Wamenisimamisha. Jumatatu saa nne nina baraza la nidhamu. Wakiona nimesema uongo nafukuzwa. Wakiona nina matatizo ya akili, sipandi tena maisha yangu yote."

"Na Yoeli anasema nini?"

"Anasema alikuwa na usingizi kidogo." Sikudhani alimgeuza mtoto upande wa pili. "Mama, unamjua nduguyo. Njoo useme tu kwamba ni mgonjwa, kwamba iliwahi kumtokea nyumbani. Nina haki ya shahidi mmoja. Mimi nafahamu nilichokiona. Lakini kwa siku mbili hizi nimekuwa najiuliza, labda kweli kichwa changu kina kasoro. Kifungo hakina sababu ya kunionea."

Nyemo alisema atafikiri. Alimfungia kilo mbili za unga wa uwele, akamsindikiza mpaka barabarani, akarudi, akaingia nyuma ya mashine, akajishika mkono wa kushoto juu ya sweta. Vyote sita vilikuwa vya moto kwa jasho lake. Cha pili kutoka juu kilikuwa cha Yoeli.

*

Siku ya Jumamosi alikwenda kwa Yoeli. Alimkuta uani anakagua mkanda wake wa kupandia, ameutandaza juu ya mkeka, anapaka mafuta kila kishikizo.

"Dada! Karibu. Leo hujaleta kunde?"

"Unatumia vidonge gani?"

Akaacha kupaka mafuta. "Vya kushusha."

"Na asubuhi unakula nini kabla ya kumeza?"

"Asubuhi sili. Nikila napanda. Nameza viwili, nakwenda kazini, jioni ndiyo nakula vizuri."

"Vizuri ni nini?"

"Chapati. Wali. Chakula, dada, chakula! Mtu ameshinda juu ya mnara unataka arudi ale mlenda?"

Nyemo alikaa chini, kwenye mkeka. "Yoeli. Unameza dawa ya kushusha sukari, huli, unapanda mita tisini, na kitu pekee ambacho kingelia ukishuka kiko hapa kwangu, kinasoma choroko zangu. Umetaka kumwua yule binti."

"Nilikuwa na usingizi."

"Ulimfungulia ndoano!"

Yoeli alianza kukunja mkanda. Kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba wakijua watamshusha, na akishushwa hana kingine anachokijua, kwamba kule juu ndiko mahali pekee anapojisikia mtu. Alisema atabadilika. Alisema apewe mwezi mmoja tu.

"Na Sikudhani?"

"Atapata kazi nyingine, bado kijana. Halafu fikiria na wengine, dada. Ukisema changu wataangalia mkono wako wote. Shangazi anafanyiwa mtoto wa jicho Jumatano. Miezi minane amesubiri. Utamnyima macho kwa sababu ya mtu baki?"

Nyemo alinyanyuka bila kuaga. Njia nzima alikuwa anaongea peke yake, na watu wa sokoni wakampisha.

Siku ya Jumapili alipiga simu. Aliwapigia wote, mmoja mmoja, awaambie waje wachukue vifungo vyao kabla ya Jumatatu saa nne. Binamu wa kwanza hakupokea. Wa pili alipokea, akasema mtandao mbaya, akakata. Baba mdogo alisema atakuja Jumanne, leo ana wageni. Shangazi Persisi alikuwa bado Dodoma, na nyuma yake kulisikika muziki.

"Shangazi, nisikilize. Daktari atakata jicho lako akiamini sukari yako ni sita. Unajua ni ngapi?"

"Mimi najisikia vizuri kabisa."

"Sikuulizi unajisikiaje! Nakuuliza ni ngapi!"

"Mbona unanifokea, Nyemo? Hivi ndivyo mama yako alivyokulea?"

"Kidonda hakitapona, shangazi. Jicho litaoza. Nimemfunga mama kidonda miezi saba, najua ninachosema. Njoo uchukue kifungo chako."

"Nitakuja Jumatatu jioni, nikitoka huku. Kuna keki bado."

Nyemo aliitazama simu. Angeweza kuvibandua mwenyewe, lakini baada ya dakika tatu vingelia vyote, na kila kilio kingehesabiwa kuwa mtu ametupa kifungo, kosa kubwa kuliko kupanda. Aliiweka simu kifudifudi mezani.

"Sasa utafanyaje?" aliuliza Gwasa.

"Baba Ezra, ile sukari nyeupe unayoificha nyuma ya betri za zamani. Imebaki kiasi gani?"

Gwasa alifungua mdomo kukana, akamwangalia mkewe, akaufunga. "Nusu kilo," alisema.

*

Mwenyekiti wa baraza alikuwa Mhandisi Shekalaghe, mzee nadhifu mwenye miwani, ambaye mstari wake mwenyewe ulitundikwa ukutani ndani ya fremu. Walikuwa watu watatu upande wake. Upande wa pili alikaa Sikudhani, na kando kidogo Yoeli, amevaa shati jeupe, hamtazami dada yake.

Nyemo alivua sweta. Alionyesha mkono. Akaeleza kifungo kipi ni cha Yoeli, amekivaa tangu lini, na kwa nini. Alieleza kwa utaratibu, kama alivyokuwa amejifunza njiani.

"Bwana Yoeli," mwenyekiti alisema, "kifungo chako kiko wapi?"

Yoeli alipandisha mkono wa shati. Palikuwa na kifungo pale, cha zamani, kilichokufa, alichokuwa anakivaa ili watu wasiulize. Kwa macho hakikuwa na tofauti.

"Kisome basi!" alisema Nyemo. "Hicho kimekufa."

"Kusoma namba ya ndani kunahitaji mashine ya makao makuu, mama. Ni wiki sita." Shekalaghe alivua miwani. "Na hivyo ulivyobandika vinaweza kuwa chochote. Mimi ninacho hapa ni mstari, na mstari unasema Bwana Yoeli alikuwa salama siku ile. Kifungo hakidanganyi. Binadamu ndiye anayedanganya."

"Ndicho ninachokwambia, mheshimiwa. Mimi ndiye niliyedanganya."

"Sasa kama unakiri kwamba wewe ni mdanganyifu, baraza litakuaminije?"

Hakuwa anatania. Nyemo alimtazama usoni kutafuta dalili ya utani, hakuiona. Mtu mzima, mhandisi, amekaa mbele ya mkono wenye vifungo sita anauliza ushahidi uko wapi. Sikudhani aliinamisha kichwa.

"Mstari wa Yoeli uko kwenye skrini ile?" aliuliza Nyemo.

"Ndiyo."

"Leo asubuhi amekula?"

"Sijala," alisema Yoeli kwa haraka, na papo hapo akaonekana kujuta.

"Vizuri. Mtazameni. Asile chochote, asinywe hata maji."

Akatoa kwenye kikapu chupa ya lita moja. Alikuwa ameikoroga asubuhi, nusu kilo nzima ya Gwasa katika maji ya moto, mpaka ikawa nzito kama asali. Aliiweka mdomoni.

Miaka kumi na mmoja hakuwa ameonja sukari nyeupe. Alidhani itakuwa na utamu wa kumliza, kumbe haikuwa tamu, ilikuwa inawasha. Ilimkwama kooni. Alisita, akafikiria siku zote zile, ngumi ya ugali, mlenda, kutembea nyuma ya ukumbi wakati wenzake wanacheza. Akafikiria shangazi na jicho lake. Kisha akafikiria bega la msichana likimbana mwanamume mzima kwenye chuma, mita tisini, na watu wanamwambia hakuona. Akanywa tena. Alikunywa mpaka theluthi mbili, akapangusa mdomo.

Mstari ulikuwa palepale. Sita nukta moja.

"Mama," alisema Shekalaghe baada ya dakika tano, "tuna kikao kingine saa tano."

"Subirini."

"Unatambua kwamba hata kama—"

"Nimesema subirini! Sukari haipandi kwa amri yako. Inapita tumboni kwanza. Mngekuwa mnakaa kwenye hilo Darasa lenu mngejua."

Dakika ya tisa, sita nukta nne. Mjumbe mmoja alisogeza kiti. Dakika ya kumi na mbili, saba nukta tisa. Yoeli alikuwa ameweka viganja vyote viwili juu ya meza, na kila mtu alikuwa anaviona, vitupu. Tisa. Kumi nukta tano. Mstari ulipanda kwenye skrini kama ngazi, na jina juu yake lilikuwa Yoeli Chiwanga. Shekalaghe aliizima skrini akaiwasha tena. Kumi na mbili nukta mbili.

Vifungo vikaanza kulia. Vililia vyote sita kwa pamoja, kutoka mkono mmoja. Simu ya Yoeli ikalia mfukoni mwake kwa onyo la Idara, kisha ikaita ya Nyemo, naye alipoipokea aliyepiga alikuwa shangazi, aliyekuwa amepata onyo hilohilo, na sauti yake ilisikika chumba kizima ingawa simu haikuwa sikioni: "Nyemo! Nyemo, umekula nini wewe mtoto? Nyemo!"

Sikudhani alikuwa amejifunika uso kwa viganja. Mabega yalikuwa yanamtikisika. Nyemo, huku kichwa kinaanza kumzunguka na mdomo umekauka, hakuweza kujua kama analia au anacheka.

*

Hakuna aliyemwomba Sikudhani radhi. Alipewa barua ya mistari miwili inayosema kwamba shauri lake limefutwa, akarudi kazini. Yoeli alishushwa. Mistari sita iliyopanda dakika ileile, kwa umbo lilelile, ilitazamwa hatimaye na mtu wa Idara, naye akaandika ripoti ndefu kuhusu udhaifu wa wananchi na sentensi moja kuhusu udhaifu wa kifungo. Shangazi Persisi alitobolewa kidole hospitali, sukari ikakutwa ishirini na mbili. Daktari alisema angemkata wiki ile huenda jicho lingepotea. Shangazi alilisikia hilo vizuri, akaahirishiwa miezi minne, na akaacha kumsalimia Nyemo. Binamu nao waliacha. Baba mdogo alituma ujumbe kwamba amesikitishwa.

Nyemo alipoteza Daraja la Kwanza. Adhabu yake, pamoja na wenzake watano, ilikuwa Darasa la Chakula, alasiri tatu kwa wiki.

Kwa hiyo wiki mbili baadaye alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, safu ya pili, kati ya ukuta na kiti kitupu ambacho ndugu zake walikuwa wamekiacha makusudi. Mwalimu, binti wa chuo aliyeitwa Atupele, alinyanyua kiganja chenye punje za kijani.

"Kuna anayejua hizi zinaitwaje?"

Nyemo alifumba macho.

"Muulize huyo," alisema shangazi kutoka upande wa pili, akitazama mbele. "Yeye ndiye bingwa."

"Choroko," alisema Nyemo.

"Vizuri sana, mama! Tumpigie makofi."

Walipiga. Atupele alikuwa anageukia ubao aliposita, kwa sababu kifungo kimoja kilikuwa kinalia. Kilio cha chini, cha haraka, cha kushuka. Kilitoka kwenye mkono wa Yoeli. Alikuwa amekaa wima, jasho linamchuruzika kwenye shingo, anatazama ubao kama mtu anayesoma kitu kisichokuwepo. Alikuwa amezidisha bidii: ameacha chapati, ameacha wali, lakini vidonge alikuwa bado anameza viwili, na kliniki yake ilikuwa wiki ijayo.

Nyemo alifika kabla ya mwalimu. "Juisi! Lete juisi!" Atupele alileta boksi. Yoeli aliisukuma. Aliisukuma mara ya pili. Alitoa maneno, hayakuwa maneno. Nyemo alimbana kichwa kifuani kwake, akambonyeza mashavu, akammiminia kidogo kidogo, na nusu yake ikamwagika kwenye gauni. Shangazi alikuwa amesimama, amejishika mdomo.

Kilio hakikukoma haraka. Wote walikaa wanakisikiliza. Hatimaye kikapungua, kikanyamaza, na macho ya Yoeli yakarudi taratibu, yakamkuta dada yake.

"Dakika ngapi?" aliuliza.

"Kumi na nne."

"Nilikuwa nasema nini?"

"Ulikuwa unaniita mama."

Alitazama juisi iliyomwagika, kisha mikono yake, kisha kifungo. Alikuwa anapumua kama mtu aliyepanda mlima.

"Kule juu ilikuwa hivihivi?"

"Sikudhani alisema alikunywesha kwa nguvu. Nadhani ilichukua zaidi."

"Na yule binti alinishika muda wote huo?"

"Muda wote. Ndoano yake ikiwa wazi."

Yoeli alisimama, akashika kiti, akakiachia, akaanza kutembea kuelekea mlangoni.

"Baba, somo halijaisha," alisema Atupele. "Unakwenda wapi?"

Aliendelea kutembea. Ndipo shangazi Persisi, ambaye kwa wiki mbili hakuwa amemtamkia Nyemo neno la moja kwa moja, akamgeukia na kufoka: "Umekaa unamtazama? Mfuate, asije akaanguka barabarani!"

Nyemo alichukua kikapu chake. Alitoka akisonya, akamfuata mdogo wake kati ya maduka, hatua tatu nyuma, akimwambia aende taratibu, akimwambia kwamba vidonge vile vinapunguzwa na daktari si na kichwa chake, akimwambia kwamba atakufa siku moja kwa ujinga. Yoeli hakugeuka, ila alipunguza mwendo mpaka akafikiwa.

Sikudhani alikuwa nje kwake, anaanika nepi. Aliwaona wanakuja akaacha kuanika. Yoeli alisimama kwenye ua, shati limelowa jasho na juisi.

"Nimekuja kuuliza ilikuwaje siku ile," alisema. "Yote. Mimi sikumbuki, na sijawahi kukuuliza."

Sikudhani aliweka nepi begani. Kisha akavuta kigoda kilichokuwa karibu na ukuta, akakiweka mbele yake.

"Kaa kwanza," alisema. "Unatetemeka."